Kwaya Nzima Imebonyeza Tangazo Letu

Leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima. Tena kwaya ninayoimbia mwenyewe!

Nafanya kazi kwa Mama Neema, fundi wa sare za kwaya hapa Nkuhungu. Huu ndio msimu wa kwaya kuchagua mafundi, na yeye hajapata oda hata moja. Akanikabidhi hela kidogo ya tangazo, hela aliyokuwa anaiweka anunue cherehani ya pili.

Mama alitaka tumpe kaka mmoja mwenye ukurasa wa habari za Dodoma. "Unamlipa mara moja, tangazo linakaa wiki nzima. Basi."

Nikajitia msomi. "Mama, huo ni ushamba. Kuna mfumo unatafuta wateja wenyewe mtandaoni. Tunalipa pale tu mtu anapobonyeza tangazo."

"Asipobonyeza?"

"Hatulipi."

"Haya mwanangu. Nakuamini."

Neno hilo limeninyima usingizi. Asubuhi tangazo limeingia hewani, nikaganda kwenye simu. Hakuna aliyebonyeza! Nikaandika kwenye grupu la kwaya: "Wapendwa, mkikutana na tangazo la Mama Neema, bonyezeni tumuunge mkono."

(Ndiyo. Niliandika mimi, kwa vidole vyangu hivi.)

Namba zikaanza kupanda. Zikapaa! Nikamkimbilia Mama: "Watu wanamiminika!" Akapiga vigelegele mpaka muuza vitumbua wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Kabla ya saa sita mchana mfumo ukaleta ujumbe: bajeti imekwisha, tangazo limesimama. Simu za oda? Kimya. Nikajipa moyo kwamba labda wanashauriana kwanza.

Jioni Mama akanifuata mazoezini kwetu, akasimama mbele ya wote. "Namshukuru kijana huyu. Leo tumebonyezwa kweli kweli!"

Dada mmoja wa sauti ya kwanza akadakia, "Mama, mimi nimebonyeza mpaka chaji ikaisha!"

"Sisi wa besi tulikuwa tunapokezana!"

Mama bado anacheka. "Hebu waliobonyeza wanyooshe mikono."

Mikono yote juu. Hata mchungaji. Hata mpiga kinanda, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu. Wote wana sare tayari, alizowashonea Mama mwenyewe!

Simu ya Mama ikaita. Mdogo wake, kutoka Mlali, sauti inasikika ukumbi mzima: "Shikamoo dada! Ule ujumbe wa kwaya umetufikia, tangazo tumelibonyeza ukoo mzima, na majirani. Mbona sasa halionekani?"

Mama akanigeukia polepole. Kicheko kimekwisha.

"Mwanangu, si ulisema tunalipa kila mtu akibonyeza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na waliobonyeza ndio hawa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulibonyeza?"

"Kidogo tu, Mama. Nilikuwa nahakikisha linafunguka."

Akakaa kwenye benchi. "Cherehani yangu, jamani." Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Kesho asubuhi nampelekea yule kaka wa ukurasa mshahara wangu, aliweke tangazo wiki nzima. Nawaomba msinicheke. Ila huko bonyezeni mpaka vidole viote sugu, bei ni ile ile.