Ulimi wa Mpishi na Pombe Nyeusi ya Bwana wa Forodha

Chole, Mafia
Tarehe 3 Mfungo Sita, mwaka 1326

Kwa jenabi Sheikh Jabir bin Hamdu, kadhi wetu, Mungu ampe umri mrefu na subira ya kuifikisha barua hii mwisho.

Assalamu alaykum, na shikamoo nyingi. Ama baada ya salamu, mwandishi wa barua hii ni mimi Shaibu bin Muhidini, mpishi, mtoto wa Muhidini aliyepika pilau ya Maulidi ya mji huu miaka thelathini, na mjukuu wa aliyeipika kabla yake. Ijumaa iliyopita, mbele ya watu, Sheikh alisema kwamba Shaibu asiguse sufuria ya Maulidi mwaka huu mpaka ijulikane kama ulimi wake umegusa pombe ya Mdachi au haukugusa. Sikujibu pale pale, kwani msikitini si mahali pa kubishana. Najibu sasa kwa wino, na malalamiko yangu nimeyatia nambari ili Sheikh asipate taabu ya kuyatafuta.

1. Kazi hii sikuiomba. Bwana wa Forodha, huyo Mdachi, aliniajiri nimpikie samaki na mikate, na Sheikh mwenyewe alinipa radhi. Kisha meli inayomletea pombe nyeusi ya kwao ikakawia mwezi, ukawa wa pili, Bwana akawa hasemezeki. Akaniita barazani akaniambia tutaipika wenyewe. Hakuniuliza, aliniagiza. Mapishi yake niyatafute mimi, kwa kuwa yeye anachojua ni kuinywa tu. Alinipa sifa nne: iwe nyeusi, iwe nzito, iwe na nguvu ya kumkalisha chini mtu mzima, na iwe na ladha ya mkate ulioungua. Sheikh, maisha yangu yote nimesemwa kwa mkate kuungua. Leo nasemwa kwa kuwa haukuungua vya kutosha. Ile hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, anayeitengeneza akiwamo, Sheikh alinisomea, na sikuisahau. Ningeizungumzia hapa, ila karatasi yangu ni ndogo.

2. Nashitakiwa kuonja, na shahidi wangu ni pombe yenyewe. Mji mzima unaujua mkono wangu. Kama ningeonja, ingekuwa mbaya vile? Sheikh apime mwenyewe.

Pishi la kwanza nilitumia kimea cha mtama, nikakikaanga kidogo, nikachemsha. Bwana alisema ni uji. Pishi la pili lilihitaji uchungu, na yale maua makavu wanayotilia kwao hatunayo, basi nikatia shubiri. Bwana hakuonekana forodhani siku mbili, mizigo ya watu ikalala ufukweni. La tatu nilitafuta weusi, nikasaga makaa ya vifuu vya nazi. Weusi ulipatikana, tena ukahamia kwenye meno ya Bwana na sharubu zake. La nne nilichukua chachu kwenye tembo la Mbaraka mgema, nikafunga chupa kwa nguvu, zikapasuka moja baada ya moja wakati wa sala ya adhuhuri, askari wakatoka na bunduki. Sheikh atakumbuka, maana siku ile alisoma sura fupi. La tano nilitia tende ili liwe na nguvu, likawa halua. La sita sisemi. Mbuzi wa nyumbani kwa Sheikh alikula machicha yake, na Sheikh anajua alivyorudi.

Mpishi anayeonja hakosei mara sita. Anakosea mara moja, akizidi sana mara mbili.

3. Sheikh ataniuliza, basi naipimaje? Naipima kwa sikio: naliweka kwenye pipa nasikiliza inavyochemka. Naipima kwa vidole, kama inanata. Na zaidi naipima kwa uso wa Bwana. Nyusi zikipanda, uchungu umezidi. Mashavu yakilegea, nguvu imepungua. Nani amewahi kupika kwa nyusi za mtu mwingine? Naona haya, Sheikh, naona haya kabisa. Ni sawa na kuswalisha watu kwa kutazama midomo ya maamuma.

4. Nyumbani kwangu pia hapakaliki. Mke wangu Mwanamkuu amekitenga kikombe changu. Kila nikitoka kazini hunisimamisha mlangoni niseme "haa", naye ananusa. Jana alikiri kwamba kinywa kinanuka kitunguu tu, lakini akasema nia hainusiki. Kwa kuwa yeye ni binti wa mwalimu wa chuoni na anasoma kuliko mimi, nilikwenda kusukutua tena.

5. Sufuria amepewa Ussi. Ussi ni ndugu yangu katika dini, na simsengenyi. Nasema tu kwamba wali wake wa arusi ya mwaka jana uligawiwa kwa kisu. Baba yangu alipokuwa akienda zake, hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia mwiko wa Maulidi, akanifunga vidole juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwiko ule umetundikwa jikoni kwangu. Kila nikipita chini yake nageuza uso. Zimebaki siku tisa, Sheikh, na mimi silali vizuri.

6. Hili nilitaka kulinyamazia, lakini nambari tano hazitoshi kwa jambo kubwa kama hili. Tangu nianze kazi hii, napata ushauri mwingi. Watu wanapita nyuma ya jiko la Bwana, upepo unawafikia, wanasimama. Mmoja kaniambia nipunguze shubiri. Mwingine kaniambia kimea kikaangwe mpaka kiwe kama kahawa, ndipo kinashika. Wa tatu kasema chachu ya tembo la asubuhi ni dhaifu, nichukue la jana yake. Wote ni watu wa safu ya mbele. Sikuwauliza walijuaje. Mimi nisiyejua ndiye niliyesimamishwa, na wao wanaojua wamo katika kamati ya Maulidi.

Kwa hayo yote, naomba mojawapo ya haya.

Kwanza, Sheikh atangaze Ijumaa kwamba ubaya wa pombe ya Shaibu ni ushahidi ulio wazi wa usafi wa ulimi wake.

Hilo likiwa zito, naomba ruhusa ya mwezi wa Ramadhani. Sheikh mwenyewe ametufundisha kwamba mpishi aliyefunga anaweza kuweka mchuzi kwenye ncha ya ulimi, ajue chumvi, kisha ateme, na saumu yake ni salama. Mimi nimefunga pombe tangu nizaliwe. Nikipewa ncha ya ulimi siku moja tu, pombe itakuwa nzuri, Bwana atatulia, nami nitarudi kwenye sufuria yangu.

Na ikiwa ulimi wangu ni wa thamani mno, basi aonje Ussi. Ulimi wake hauna cha kupoteza.

Nisalimie Bi Hafidha na watoto wote, wakubwa kwa wadogo, na majirani wa kulia na wa kushoto. Mbuzi naye nampa pole. Wa nyumbani kwangu wanakusalimu, hata Mwanamkuu, ingawa mimi hanisalimu sana.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye mdomo mkavu,
Shaibu bin Muhidini

Baada ya kuandika: Nilikuwa nangoja wino ukauke, Bwana akaniita. Amefungua pishi la saba. Safari hii nilichoka, nikalitii neno lake kama lilivyo: nikaichoma mikate yake sita mpaka ikawa myeusi, nikaisaga, nikaitia. Akanywa. Kisha, Sheikh, mtu mzima yule akalia, akasema jiko la mama yake lilikuwa likinuka hivi hivi. Ameniita kwa jina langu kwa mara ya kwanza, na sasa anazunguka mji mzima akisema pwani yote hii hakuna mpishi mwenye ulimi kama wa Shaibu. Jioni atakuja kwako kukupongeza.

Kwa hiyo naomba Sheikh aichane nambari ya pili kabla hajafika, maana shahidi wangu amehamia upande wa pili. Nambari ya tano ibaki. Barua hii asiione Mwanamkuu.

Wallahi mimi nilifuata harufu tu. Wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawanijui, kwani mimi kazi yangu naikosoa mwenyewe. Bwana anasema haina kasoro, lakini inayo: uchungu wake unachelewa, unakuja nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Pishi la nane nitalirekebisha.