Bawabu Aliyekataa Kunipisha

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Shajara yangu, niwie radhi. Nimekutupa mkono kwa muda mrefu, nawe hukustahili. Sikuwa mgonjwa. Sikusafiri. Nilikuwa nikiuawa.

Muuaji ni mmoja: Bawabu wa Lango. Ni pande la mtu lenye rungu mfano wa gogo, naye anaishi ndani ya mchezo wa runinga ambao mjukuu wangu aliuacha sebuleni alipokwenda chuoni. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, niliyenyamazisha gwaride zima kwa kukohoa, nazuiwa mlangoni kama mchuuzi wa sabuni!

Sababu si mchezo. Sababu ni mjukuu. Simu zangu siku hizi hazipokei. Akipokea, ni shikamoo Bibi, mzima, nina kipindi, kisha kimya. Lakini ndani ya mchezo, kwa mashine nyingine aliyo nayo chuoni, anaongea! Wanaompita Bawabu hukutana kwenye ua mkubwa, wakapiga soga huku wakicheza. Nimejuaje? Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alimpita wiki iliyopita kwa mashine ya mwanawe. Tunatenganishwa na ukuta mmoja, na kwa kuwa masikio yake ni mazito, hufungua sauti yote. Kila jioni nawasikia wakicheka.

Mjukuu huyo ameniita mke wangu tangu hajui kufunga kamba za viatu. Leo ana mke mdogo, wifi huyo huyo! Mpiga chapa mstaafu!

Nimeazimia. Wiki hii Bawabu ataanguka.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimesoma mtandaoni ushauri kwa wanaoanza. Nimeusoma kalamu mkononi. Vaa vyepesi, wanasema, na rungu likija ujiviringishe chini. Kujiviringisha! Mtu mzima! Nimeukata kwa wino mwekundu. Mwingine unasema piga mara moja, rudi nyuma, usiwe na tamaa. Huu nimeutia alama ya vyema. Una busara.

Nikamvika mwanamke wangu wa mchezoni deraya, kofia ya chuma, glavu za chuma na buti za chuma. Nadhifu kabisa. Nikaingia. Nikampiga Bawabu pigo moja safi. Akayumba. Nikaongeza la pili. Nikaongeza la tatu, maana nilimwona ameanza kunielewa. Rungu likapanda. Nikataka kukwepa, lakini kwa uzito ule nilisogea kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana.

Maandishi mekundu, skrini nzima: UMEKUFA. Hata pole hakuna.

Wifi akagonga ukuta, akauliza kama nimeangusha sufuria. Nikajibu kwamba nafagia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Siku ya aibu. Ushauri unasema ujenge urafiki na mwenye duka, kwa kuwa ndiye auzaye dawa za majeraha. Nikamkuta chini ya daraja, amekaa kwa utulivu na bidhaa zake. Nikasogea nimwamkie. Kumbe kitufe cha kuzungumza kimepakana na kitufe cha upanga. Nikamchanja bega! Nikabonyeza haraka ili nimwombe radhi. Nikamchanja mara ya pili. Akachomoa shoka. Nikakimbia, kama kule kunaweza kuitwa kukimbia, na nikafia dukani kwake.

Nikarudi. Nikasimama mbali, nikainama kwa heshima. Akanirushia shoka.

Nilimsimulia wifi kwa ujumla tu, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Alicheka hadi akashika mlango. Akasema mwenye duka yule hasamehi mpaka dunia iishe, na kwamba yeye mwenyewe amenunua dawa za kutosha hospitali nzima. Kisha akashusha sauti, akaniuliza kwa nini sipigi kengele. Hapo ndipo pa kuumiza. Kila mchezaji hupewa kengele mwanzoni. Ukiipiga mbele ya lango, rafiki aliyekwisha kupita hurudi kukusaidia. Yeye aliipiga, mjukuu akaja mbio, wakamwangusha Bawabu pamoja.

Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kuita watu kwa kengele.

‘We wifi we! Na ile shule uliiendesha kwa filimbi?’

Nikafunga mlango. Kwa adabu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Adui ukimuua huacha majivu, na majivu hayo hubadilishwa kuwa nguvu kwenye kinara cha mshumaa, palepale anapofufukia aliyekufa. Yatumie mara moja, unasema ushauri. Maneno ya wabadhirifu! Mimi nimelelewa kuweka akiba. Asubuhi nzima nimewaua panya wa mtaroni, mmoja baada ya mwingine, nikijaza mfuko. Mpango wangu: nikusanye mengi mno, kisha nikae kitako kwenye kinara nichague nguvu kwa utulivu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Nikateleza darajani. UMEKUFA.

Ukifa, majivu hubaki pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla ya kuyaokota, ndiyo kwaheri. Nikayafuata kwa tahadhari kubwa, macho chini. Nikayaona yaking'aa. Panya akaniuma kisigino. Panya! Mmoja! Tena niliyekuwa nimemwonea huruma!

Nilikaa nikaitazama runinga hadi chai ikapoa. Ndipo nikasikia ng'ambo ya ukuta mjukuu akimsimulia wifi jambo refu. Maneno sikuyapata, ila sauti ilikuwa chini, ya mtu aliyebeba kitu. Wifi naye, ambaye hajawahi kunong'ona maishani, akanong'ona. Nikasogeza kiti karibu. Kikagonga ukuta. Wakanyamaza wote wawili.

Mtoto wangu ana tatizo. Amelipeleka kwa wifi. Hakulileta kwangu.

Kesho naingia uani, iwe kwa njia yoyote.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Njia yoyote imepatikana! Nimeibeba mashine hadi kwa fundi simu, mwanamume mwenye mvi na miwani ya kufungwa kwa uzi. Nikamweleza kwamba ina hitilafu: lango halifunguki. Akaiwasha, akanitazama nikicheza, akasema mashine ni nzima, mama, kasoro iko kwenye vidole. Nikamwambia basi arekebishe kasoro hiyo kwa vidole vyake.

Akamvua mwanamke wangu vyuma vyote, akambakiza na shati, mbele ya wateja! Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Bawabu alikuwa chini na fundi anamhudumia mtu mwenye chaja mbovu.

Jioni nikaingia uani kichwa juu. Mjukuu akapiga ukelele. ‘Mke wangu! Umempita!’ Nikasema ah, jambo dogo. Wifi alikuwepo pia, kimya, kimya cha mtu anayengoja kitu kianguke. Mjukuu akasema tushuke bondeni kwa ngazi. Nikashuka. Ngazi sikuitumia.

Alinitazama nikirudi kutoka kinarani, nikishuka tena kwa namna ile ile. Akaniuliza polepole ni nani aliyemuua Bawabu. Nikasema nilipata msaada wa kiufundi. Wifi akacheka kwa pua. Mjukuu hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: imekuwaje nikambebea mashine mtu wa dukani, na kengele ya kumwita yeye ninayo mfukoni? Kisha akasema usiku mwema, Bibi. Bibi! Si mke wangu.

Nimetengeneza chai. Sikuinywa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimefuta kila kitu nikaanza upya. Mwenye duka nimempita kwa mbali, mikono mbali na vitufe. Nikafika langoni na shati tu. Refu. Nikapiga kengele.

Hakuja mtu.

Nikapiga tena, nikitazama huku na huku kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Ndipo akatokeza kando yangu, anang'aa mwili mzima, upanga begani. ‘Haya, mke wangu. Nikisema viringika, viringika. Usibishe.’

Nikaviringika! Kama gunia, lakini nikaviringika. Rungu likapiga mahali nilipokuwa. Raha iliyoje! Mbona walimu wenzangu hawakuniambia?

Na katikati ya vita, Bawabu akiwa kati yetu, mjukuu akasema haraka haraka, pumzi moja, kwamba amefeli. Mtihani wa mwaka. Anaurudia. Kila nilipopiga simu alijua nitauliza matokeo, akashindwa kupokea.

Nikafungua kinywa. Hotuba ilikuwa tayari, yenye utangulizi na sehemu kuu. Nikaanza: ‘Sikiliza, kijana. Katika ukoo huu...’ Rungu likashuka. UMEKUFA.

Niliporudi kinarani niliitafuta ile hotuba, sikuiona. Lango lilikuwa palepale. Nikapiga kengele, safari hii bila kutazama huku wala huku, akaja. Nikamuuliza mtihani wa marudio ni lini. Wiki ijayo. Nikamuuliza kama anakula. Anakula. Nikamuuliza ni sehemu gani iliyomshinda, akaanza kunieleza, mambo ya hesabu za madaraja na uzito wa magari, sikuelewa hata kidogo, nikasema endelea. ‘Kulia, Bibi, kulia!’ Nikaenda kushoto. Tulikufa sana, tukiongea.

Hatimaye Bawabu akapiga magoti. Pigo la mwisho lilikuwa langu, au tuseme upanga wangu ulikuwa karibu. Ng'ambo ya ukuta wifi akapiga vigelegele. Nikamwita aje tunywe chai. Alikuja na kikombe chake mkononi. Alikuwa mlangoni tayari.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mjukuu amefunga mchezo mpaka amalize mtihani. Kabla ya kuaga alinieleza kwamba nyuma ya ua kuna mlango wa pili, na nyuma ya mlango huo kuna nyoka. Ameniomba mambo mawili. Nisiingie peke yangu, atakuja twende pamoja. Na tusifichane tena kitu, yeye wala mimi. Nikamwahidi kwa moyo wote. Nilitokwa na machozi kidogo.

Leo asubuhi nimechungulia tu. Kuchungulia si kuingia. Mlango ukajifunga nyuma yangu, jambo ambalo ni uhuni wa waliotengeneza mchezo, si kosa langu. Mle ndani kuna baridi, kwa hiyo nilikuwa nimevaa vyuma vyote. Nyoka ana vichwa viwili. Nilipokuwa nikikifunza adabu kichwa cha kwanza, cha pili kilinimeza. Majivu yangu yote, niliyokuwa nayatunza ili nimshangaze mjukuu, yako tumboni mwa nyoka.

Wifi ameona kila kitu, kwa kuwa siku hizi anacheza akiwa kwenye kochi langu. Anasema nimpigie mjukuu sasa hivi nimwambie, atacheka, yataisha. Nimemwambia kijana anayesoma hasumbuliwi. Akanitazama kwa jicho. Vilevile nimesikia kwamba daktari wa meno wa mtaa wa pili ana mkono mwepesi sana kwenye michezo hii, nami nina jino ambalo kwa kweli halijatulia.

Sijakata shauri: nimwambie mjukuu kwanza, au nimuue nyoka kwanza, ndipo nimwambie. Nikishakata, nitakuandikia.