Mfamasia Aliyeturudishia Sahani Bila Vidonge

Ikram Abeid,
Kidato cha Pili,
Ujiji.
Machi, 1996.

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Ninakaa na bibi yangu mzaa baba, Bibi Mwanamvua, nyuma ya soko la samaki. Najua siku hizi una shughuli nyingi za wakimbizi, lakini mwalimu wetu wa Uraia, Mwalimu Brigita, ametufundisha kwamba raia mwenye kero aiandike kwa adabu na aipe namba.

YAH: KUMLALAMIKIA MFAMASIA WA DIRISHA LA DAWA

Tumesikia kwamba Bwana Gaudensi, mfamasia wa kituo chetu cha afya, ameandikiwa uhamisho kwenda kambi za Kasulu kwa sababu ya kazi yake nzuri. Sijui nani amekupotosha. Kabla hajafunga mizigo, tafadhali soma aliyotutenda.

1. Anauliza maswali. Waliomtangulia walipokea karatasi, wakahesabu vidonge, wakasema "mwingine!" Bibi alipokwenda kutafuta dawa ya magoti, alikuta mtu anayemwamkia, anamkalisha benchi la ndani na kumwuliza kama tumbo linamchoma na choo chake kina rangi gani. Mheshimiwa, Bibi ni binti wa mwalimu wa madrasa. Swali hilo hajawahi kuulizwa hata na marehemu babu. Alijibu kwa hasira kuwa ni cheusi kama lami, na kwamba alikula kisamvu. "Bibi, kisamvu hakifanyi hivyo," akasema yule bwana. "Hiyo ni damu." Hakumpa hata kidonge kimoja. Alimshika mkono akampeleka kwa daktari, Bibi akalazwa, na mimi nikabaki nyumbani sina wa kunigombeza.

2. Anaingilia mali za watu. Bibi alipotoka wodini aliambiwa alete dawa zote zilizomo nyumbani. Alizileta kwa kapu, akijivunia, kwa kuwa hakuna mzee mtaani mwenye kapu kama lile. Mlikuwa na vidonge vyekundu vya dukani, vidonge vya waridi, aspirini, dawa ya presha, na kidonge kikubwa ambacho baadaye tulikumbuka kuwa ni cha minyoo ya mbuzi. Bwana Gaudensi alipanga vitatu mezani. "Bibi, hawa ni ndugu wa baba mmoja. Majina tofauti, kazi moja. Ukiwaalika pamoja wanakutoboa tumbo, na dawa yako ya presha wanaifukuza mlangoni." Basi akawatoa wote watatu. Cha mbuzi alikishika muda mrefu akikigeuzageuza, jambo ambalo Bibi aliliona ni dharau.

3. Ameharibu desturi. Hili ndilo zito. Mtaani kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Jirani yetu ni Bibi Veneranda, aliyevuka ziwa kutoka Burundi wakati wa vita na sasa anaishi kwa binti yake aliyeolewa hapa. Dada yake, Genoveva, yuko kambini Kasulu na humtumia vidonge vya waridi kwa wafanyabiashara wanaokuja mjini. Bibi Veneranda akiletewa maharage yetu, sahani huirudisha na vidonge vilivyofunikwa kwa kawa. Bibi naye, sahani ya muhogo ikija, huirudisha na vyekundu vyake. Hivyo ndivyo walivyopendana, mmoja anasema "Alhamdulillahi," mwingine "Ego," yaani ndiyo kwa Kirundi, "Mungu ni mkubwa," na wote wawili wanameza. Bwana Gaudensi alipouliza vya waridi vimetoka wapi, akajua habari za sahani. Akawaita wote wawili, akawaambia kuwa dawa si mboga. Tangu siku hiyo sahani zinarudi na migebuka, na anayepara magamba ni mimi.

4. Hana ahadi. Mtumishi wa serikali, Mheshimiwa, anatakiwa kuahidi. Bibi alimwuliza mbele za watu, "Mwanangu, maumivu haya yataisha lini?" Akajibu, "Yote hayataisha, Bibi. Tutayapunguzia nafasi." Watu wakaguna. Akampa panadoli, akampangia kwa adhana kwa kuwa Bibi hasomi saa, akamwonya asizidishe hata kama goti litampigia kelele. Ramadhani ilipoingia akampangia upya, baina ya futari na daku. Akamfundisha kuweka chupa ya maji moto gotini na kutembea kidogo kila asubuhi. Sasa kutembea ni dawa?

5. Kutokana na hayo yote, Bibi amepona kiasi cha kutusumbua. Zamani akishameza mchanganyiko wake alisinzia mpaka magharibi, nami nikirudi kutoka shule kwa kupitia ufukweni hakuna aliyejua. Sasa namkuta mlangoni, amesimama. Anafika msibani kabla ya wafiwa. Baya zaidi, amejifanya naibu wa mfamasia. Wazee wakitoka msikitini anawakagua mifuko. Juzi alimwambia Mzee Musa, "Wewe, toa hicho cha waridi! Choo chako kikoje?" Mzee Musa sasa anapita njia ya nyuma.

Kwa hiyo naomba Bwana Gaudensi achunguzwe. Uchunguzi uwe wa kina, uundiwe kamati, kamati ipumzike, na mtuhumiwa asitoke Ujiji hata siku moja mpaka utakapokamilika.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na dereva wako ambaye Bibi anasema anatembea kama mtu mwenye kiuno kibovu.

Wako mtiifu katika kero,
Ikram Abeid

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, Mwalimu Brigita alitueleza kuwa mtumishi anayelalamikiwa hahamishwi mpaka uchunguzi uishe, na ndiyo maana nimelalamika. Nilipowasomea bibi zangu barua hii, Bibi alicheka akataka niongeze makosa. Bibi Veneranda hakucheka. Alisema, "Dada yangu hunitumia vyote anavyopewa. Na yeye magoti yake ni kama yangu. Sasa usiku analala na nini?" Bibi akaacha kucheka, akaniambia, "Ikram, futa."

Karatasi nyingine sina, kwa hiyo nakuomba unifutie wewe, namba moja mpaka tano. Mwache aende. Ila hapa dirishani tuletee mtu anayeuliza maswali. Na kama hayupo kwa sasa, dirisha lisipigwe misumari, kwa sababu Kemia naiweza na muda si mrefu nitamaliza shule.

Akifika kambini amtafute Genoveva, dada yake Veneranda. Atamwambia haumwi popote. Asimsadiki. Amwambie alete kapu.