Dizeli, Petroli na Dirisha Langu

Jumatatu, 4 Agosti

Boti bado ipo. Saa moja asubuhi, jua limeshatoka, nimewasha taa ili nitafute soksi za shule.

Nieleze, kwa ajili ya kumbukumbu. Miaka minne iliyopita Baba alishinda boti katika bahati nasibu ya chama cha wafanyakazi wa posta. Zawadi ya pili ilikuwa baiskeli. Sote tulitaka baiskeli. Boti ikaletwa juu ya trela yake, ikaegeshwa ubavuni mwa nyumba, mbele kabisa ya dirisha langu, na haijasogea tangu siku hiyo. Ziwa liko mwendo wa saa tatu kwa gari. Hatuna gari. Baba ameapa kwamba boti itaondoka siku atakayopata gari la kuikokota, na gari lenyewe hanunui mpaka ajue lipi linafaa, la dizeli au la petroli. Anamwuliza kila mtu. Alimwuliza hata daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi na vyuma vikiwa ndani. Majirani wanamwita Nahodha. Anadhani ni heshima.

Mwanga unaoingia chumbani kwangu unatosha kusoma jina la kitabu. Kitabu chenyewe, hapana.

Ningeweza kumwambia Baba. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili nilimtakia usiku mwema.

Kwa hiyo nimeamua kutumia sayansi. Nitaandika ripoti, nimalize ubishi wa miaka minne, na dirisha langu lirudi.

Jumanne, 5 Agosti

Maktaba ya shule ina kitabu kinene cha injini! Kina sura mbili kubwa, dizeli na petroli. Sura ya dizeli ni nzuri mno. Kurasa sitini, michoro kila mahali. Sura ya petroli haipo. Mkutubi anasema labda panya, labda kidato cha nne. Ameahidi kuitafuta nyuma ya makabati.

Sikuona sababu ya kungoja. Nimesoma kurasa zote sitini bafuni, kwenye mwanga, mpaka Dada alipogonga mlango akiuliza kama nimeamua kuhamia humo au nasubiri kuzaliwa upya.

Hitimisho: dizeli. Injini ya dizeli ina nguvu nyingi hata ikizunguka polepole, ndiyo maana huvuta mizigo mizito bila kulalamika. Kuhusu petroli sikukuta neno zuri hata moja katika kitabu kizima.

Ripoti ina kurasa kumi na tisa. Dada ameiona juu ya kitanda changu. Kasema Mheshimiwa Daftari ameamka, nchi isilale. Dada ana chumba chenye madirisha mawili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya aibu na ushindi. Sijui ipi kwanza.

Wauzaji wawili walikutana sebuleni kwetu jioni. Fundi, jirani yetu mwenye gereji, anauza pikapu ya dizeli. Mjomba anauza gari lake la petroli, ambalo hulipangusa kwa kitambaa cha miwani. Fundi akasema kukokota boti kwa petroli ni sawa na kumbebesha kuku gunia. Mjomba akajibu kwamba pikapu ya Fundi ikiwashwa, kuku wa mitaa mitatu wanaacha kutaga. Fundi akasema angalau inawaka. Mjomba akataka kujua ni nani basi walioonekana Jumatatu wakiisukuma. Fundi akasema yale yalikuwa mazoezi ya viungo.

Dada yuko upande wa petroli. Mjomba amemwahidi kumfundisha kuendesha. Hongo, kwa kifupi.

Ndipo Baba akasimama. Akamwambia Mjomba, basi shemeji, tumalize, nalichukua lako, Jumamosi boti inakwenda ziwani. Mama akashusha pumzi ya miaka minne.

Ilikuwa imekwisha! Siku mbili tu, na dirisha langu lingekuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, jambo pekee ninaloliweza.

Lakini petroli! Baada ya kurasa kumi na tisa!

Nikachomoa ukurasa wa kumi na nne, wenye grafu, nikautelezesha chini ya kisahani cha Baba. Akanyanyua kikombe. Akasoma. Akakaa tena.

Sasa kutakuwa na majaribio. Jumamosi kila gari litaikokota boti kupanda kilima hadi lango la shule. Litakalofika ndilo litakalonunuliwa. Mjomba ataanza kwa kuwa ni mkubwa kwa umri.

Mama aliuchukua ule ukurasa, akautambua mwandiko, akanitazama kwa muda mrefu. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeipokea kama sifa.

Ijumaa, 8 Agosti

Wasiwasi. Nimepiga hesabu upya. Boti ikiwa tupu ni nyepesi. Magari yote mawili yanaweza kufika langoni, na Baba atarudi kuwauliza madaktari wa meno. Ukweli unahitaji msaada.

Mpango: kutia maji ndani ya boti, chini ya turubai, ndoo kumi na tano. Hizo ni kilo mia tatu. Mjomba ataanza, petroli itashindwa. Wakati wanabishana nitajipenyeza nyuma, nichomoe kizibo kilicho chini ya boti, maji yatoke, dizeli ivute boti tupu. Si udanganyifu. Ni kuuharakisha ukweli.

Bomba letu hutoa maji Jumanne na Ijumaa tu, kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Baada ya shule nilipitisha mpira wa maji chini ya turubai. Ndoo kumi na tano ni dakika ishirini na tano. Nikakaa kando na kitabu ili nihesabu dakika.

Kosa langu lilikuwa kitabu. Nilifika penye pampu inayosukuma dizeli ndani ya injini. Sehemu inayogusa moyo sana. Nilipoinua kichwa, Dada alikuwa amesimama mbele yangu akiuliza kwa nini boti inatokwa na jasho.

Imejaa. Imejaa pomoni! Zaidi ya kilo elfu mbili.

Nikakimbilia kizibo. Hakikuzunguka. Nikakivuta. Nikakanyaga trela kwa mguu mmoja, nikavuta kwa nguvu zote. Kipini kikatoka. Kizibo kikabaki ndani, kimetulia kama jino la mzee.

Dada alikitazama kile kipini mkononi mwangu, akatazama boti, akanitazama mimi. Akasema tu kwamba atanyamaza, na mimi nitaosha vyombo kwa zamu yake mwezi mzima. Nikakubali. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yangu ni lita elfu mbili.

Faraja ni moja. Mjomba ndiye anayeanza. Atashindwa vibaya sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjomba alichelewa.

Namjua tangu nizaliwe. Hajawahi kufika popote kwa wakati. Hata kwenye harusi yake bibi harusi alimtangulia kwa saa nzima. Jambo hili sikuliweka kwenye mahesabu.

Fundi akasema hawezi kungoja petroli mpaka iote mvi. Akarudisha pikapu nyuma, akaiunganisha na trela. Nusu ya mtaa ilikuwa imetoka na viti. Nilijaribu kuzuia. Nilikohoa mara tatu. Mama akaniambia nikanywe maji.

Fundi akakanyaga. Pikapu ikanguruma. Moshi mweusi ukatanda juu ya kamba ya nguo za Mama, mashuka meupe manne na sare yangu. Boti haikusogea. Fundi akashuka, akazunguka trela, akaangalia kama kuna jiwe. Akapanda tena. Akakanyaga mpaka mwisho. Pua ya pikapu ikainuka kama mtu anayenusa jambo. Boti ikasogea! Hatua moja nzima! Kisha kile chuma cha kuungia trela kikang'oka chote, pikapu ikaruka mpaka kwenye ua wa jirani, na boti ikarudi nyuma. Ilirudi hatua moja na nusu. Matairi yote mawili ya trela yakapasuka kwa pamoja.

Sasa boti imeegemea ukuta wa chumba changu. Zamani kulikuwa na nafasi ya mtu kupita kati ya boti na dirisha. Sasa hapapiti hata karatasi. Nimejaribu kwa ukurasa wa kumi na nne.

Mjomba akafika wakati huo, anang'aa, anauliza kama wameanza. Akatazama pikapu ndani ya ua. Akasema kuku wamepata likizo. Alipoambiwa zamu ni yake, akasema yeye si mwendawazimu, na gari lake halifanyi kazi ya tingatinga.

Baba akafunua turubai.

Maji yalikuwa yametulia, safi, mpaka ukingoni. Wingu dogo lilionekana ndani yake.

Jirani mmoja akasema Nahodha ameamua kuiletea boti ziwa nyumbani. Watu wakacheka mpaka viti vikaanguka. Baba hakucheka. Fundi akauliza maji haya yametoka wapi. Dada akatazama angani. Nikatazama viatu vyangu. Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba lazima ni mvua.

Mvua haijanyesha tangu Mei.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeosha vyombo mara tatu. Nimeosha mashuka manne. Nilikuwa tayari kukiri yote. Niliandika barua ya kuomba radhi, kurasa mbili na dondoo.

Nikamkuta Baba amesimama kando ya boti na rula. Akaniita. Akaniambia nitazame alama aliyoichora kwa chaki jana. Maji hayajapungua hata unywele. Kwa miaka minne, akasema, amekuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu, kwamba boti inavuja. Ndiyo maana alikuwa anauliza tu habari za magari. Kuuliza hakuzamishi mtu. Na sasa mvua imemjibu. Maji yasiyoweza kutoka hayawezi kuingia.

Macho yake yalikuwa yanalengalenga. Sikuona kama ni wakati mzuri wa kutoa barua.

Fundi alisema anaweza kukitoboa kizibo kwa dakika tano, maji yatoke, matairi yabadilishwe. Baba akamwambia, wewe, ukithubutu!

Jumatano, 13 Agosti

Bomba kuu la mji limepasuka. Jana, Jumanne, maji hayakutoka. Ijumaa hayatatoka. Wanasema wiki mbili.

Mtaa mzima unachota kwetu. Foleni inapita karibu na dirisha langu tangu alfajiri, ndoo zinagongana, na watu wanamwita Baba Nahodha kwa sauti tofauti kabisa na ya zamani. Baba amevaa kofia. Anagawa kwa zamu, wazee kwanza. Mjomba ameleta mapipa mawili na hakuchelewa. Sijawahi kumwona Baba akitembea hivi.

Jioni Mama alinikuta nimekaa kizingitini nje, kitabu nimekiinamisha kuelekea jua linalozama. Akauliza kwa nini sisomi chumbani. Sijui ni kitu gani kilinipata. Nikamwambia. Mwanga, boti, miaka minne, yote, isipokuwa mpira wa maji.

Mama akakaa kando yangu. Akasema, mwanangu, kumbe ni hilo tu? Boti ilikuwa tupu na ina magurudumu. Mimi na wewe na dada yako na baba yako tungeisukuma hatua tano, asubuhi moja, kabla ya chai. Mbona hukusema?

Nikamwuliza kama sasa inawezekana. Akatazama matairi yaliyopasuka, akatazama foleni. Akasema sasa hata tembo atakataa. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba mashuka yametakata vizuri, na kwamba mvua ya siku hizi inajua kutumia mpira.

Nimelitafakari somo hili kwa dakika nyingi. Kusema tu, moja kwa moja, kwa mdomo. Hakukosi maana. Lakini kungehitaji kuanza mazungumzo.

Alhamisi, 14 Agosti

Habari kubwa!

Baba ametangaza wakati wa chai kwamba boti haitoki tena. Itabaki kuwa hifadhi ya maji ya mtaa. Atainunulia pampu ya kupandisha maji kwenye tangi juu ya paa, kisha yashuke kwa mabomba. Kilichobaki ni kujua pampu ipi inafaa.

Fundi akasema ya dizeli. Mjomba akasema ya petroli. Baba akashika kidevu. Alianza na mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Pampu itafungwa kando ya dirisha langu. Ningeweza kumwambia Baba aiweke upande wa pili. Nilimfuata mpaka mlangoni. Nikamtakia kazi njema.

Shuleni mkutubi alikuwa ananisubiri kwa furaha. Ameipata sura ya petroli! Ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati, kurasa sitini, kamili, hazina hata alama ya panya. Nikamshukuru sana. Nimeziweka chini ya godoro. Chumba kina giza, na nina kazi nyingi.

Nimefungua daftari jipya. Hitimisho nimekwisha kuliandika: dizeli. Bado kurasa kumi na nane.