Sikio la Laban

Jumapili, 3 Septemba 2000
Punda wetu ameingia kwenye kompyuta! Laban, huyu huyu wa kutuletea maji! Ndunda wa kiwanda cha simiti Athi River ameniletea fulana kutoka kwa binti yangu Mwikali. Yeye na wenzake wa ofisi wameunda lugha ya kuamuru kompyuta, na alama yake ni punda wa nyumbani. Picha yake iko kifuani. Wenzake watakuja kumpiga Laban picha Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Mimi niliishia darasa la nne, lakini tumbo langu limezaa lugha! Nilivaa fulana juu ya gauni, nikaketi mbele kabisa kanisani.

Jumatatu, 4 Septemba
Katunge ni jirani, lakini ni mwiba. Tulikuwa tunachimba maji kwenye mchanga wa mto. Akanyoshea kidole punda wa fulana yangu, akaniuliza mbele ya wanawake wote, Mama Mwikali, hili sikio la kushoto halina ncha, ama macho yako pia yamekauka? Kwetu mnyama anajulikana kwa sikio. Ukoo wa Katunge hukata ncha ya kushoto. Sisi hatukati. Basi punda wa kompyuta ni wake! Ati Mwikali akiwa mdogo alimpanda sana. Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake.

Jumanne, 5 Septemba
Dawa nimepata. Kisu cha kuku. Mzee wangu Mbithi alisema mnyama mwenye njaa hakatwi, kidonda hakitapona na ukame huu. Nikamwambia yeye hajui mambo ya kompyuta. Laban hakupiga teke. Alisimama tu, akiniangalia. Sasa ni yule wa fulana kabisa! Ncha nimeikausha kwa chumvi, ukumbusho.

Ijumaa, 8 Septemba
Nzi. Sikio limevimba, linanuka. Nimepaka jivu. Hata mabua hataki. Katunge alichungulia bomani, akasema hata mwizi wa ng'ombe huona haya kukata sikio mchana.

Jumatatu, 11 Septemba
Laban amekufa. Mbithi alichimba shimo peke yake. Maji nimebeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kumbe mto ni mbali hivi.

Jumanne, 12 Septemba
Nimempigia Mwikali simu kutoka kibanda cha Kyumbi. Nimemuuliza habari ya sikio. Alicheka. Akaniambia, Mwaitu, mama yangu, hilo ni kosa la mchoraji tu, kijana wa mjini, picha haikutoshea akakata pembeni. Punda ni Laban, nani mwingine? Tulikuwa tukimpakia maji mtoni, sisi watoto tukabaki kucheza, naye anafika nyumbani peke yake na mzigo wote. Ndivyo walitaka kompyuta ifanye: itumwe, irudi. Akaniuliza Laban anaendeleaje.
Nikasema amenona.

Jumatano, 13 Septemba
Nimelia. Kisha nimefikiria vizuri. Punda wa Katunge ana rangi ya Laban kabisa. Amepungukiwa ncha ya sikio tu, na ncha niko nayo! Sindano ya gunia iko. Uzi mweusi uko. Nimemwambia Katunge ameshinda, punda wa fulana ni wake, amlete mapema siku ya picha nimwogeshe. Alifurahi, akanikumbatia. Mbithi ameona sindano, akatoka nje. Wivu! Nimealika kanisa lote, na chifu, na wale wa mtoni waliocheka. Wote waje waone punda wangu. Jumamosi hii, tarehe kumi na sita.