Uji Hunywewa

Jumatatu, 2 Desemba 2024
Miaka hamsini na miezi minane tangu mafuriko yatuhamishe deltani hadi hapa Kibiti. Nimehesabu mara mbili. Na sasa njia imefunguka! Nesi Wilhelmina kakitangazia kikundi chetu cha wenye kisukari: mwenzetu mmoja atapanda naye boti bandarini Nyamisati, akawafundishe watu wa delta kujikinga na ugonjwa huu. Kijiji cha kwanza ni kwetu, alikozikwa mama yangu. Sharti: Ijumaa asubuhi, sukari isizidi saba. Yangu kumi na moja. Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu Hilari, mstaafu. Ana sita na anaringa nayo. Nitamshinda.

Jumatano, 4 Desemba
Nimeanza matembezi aliyoamuru nesi. Nimefika hadi kwenye benchi la muuza kahawa. Kashata mbili, nipate nguvu ya kurudi. Hilari kapita mbio na kaptula nyeupe, kauliza kama haya ndiyo mazoezi ya taya. Sikumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimelipitia agizo la nesi neno kwa neno. Msile kitu tangu saa mbili usiku. Msile! Kuhusu kunywa hakutamka lolote. Hilari hawezi kuliona hilo.

Ijumaa, 6 Desemba
Alfajiri, uji wa mchele na nazi, sukari ya kutosha. Vikombe viwili. Kipimo: kumi na saba nukta nane! Wilhelmina akauliza, mzee wangu umekula nini? Nikaapa sijala. Mke wangu Zuena, ambaye hakuulizwa, akautaja uji. Nikafafanua: uji hauliwi, hunywewa. Kikundi kizima kicheko. Nikataka Hilari aamue, kafundisha Kiswahili miaka thelathini. Akafikiri, akasema kwa upande wa lugha Mzee Miraji yuko sahihi. Ushindi! Wilhelmina akasema kipimo hakijui Kiswahili. Anakwenda Hilari.

Jumamosi, 7 Desemba
Nimemchorea ramani. Kisima, halafu hatua arobaini kuelekea mashariki, kaburi la mama. Ang'oe majani. Asome dua yoyote anayoijua. Yeye Mkristo, lakini mama hakuwa mtu wa kununa.

Jumanne, 10 Desemba
Hilari karudi, kaja kwangu moja kwa moja. Hakuringa. Kasema watu sitini wamepimwa, na kisima hakipo. Mto umehama. Zile hatua arobaini boti yao imepita juu yake. Alivua kofia, akasoma dua humo humo botini. Ramani kanirudishia, haijakunjwa hata pembe.

Wazee wa kijiji wamenitumia chupa ya asali ya mikoko. Hilari kanisihi nisiile, na nisiinywe pia. Safari hii kaziba mianya yote. Nimetii. Sikula, sikunywa. Asali hulambwa. Vijiko vitatu, kwa heshima ya kwetu.

Kule sitarudi tena.