Malalamiko Kuhusu Mtama Mweupe na Wageni Wake

Kijiji cha Ujamaa Murusenyi,
Ngara.
28 Juni 1979

Kwa Ndugu Msimamizi,
Ghala la Mbegu Bora,
Lusahunga, Biharamulo.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUOMBA MTAMA MWEUPE URUDI ULIKOTOKA

Awali ya yote nakusalimu, nikitumaini kwamba wewe na ghala lako ni wazima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa sauti, ambayo imekauka kwa sababu nitakazozieleza. Jina langu ni Bartholomayo Ndikumana, katekista mstaafu, mkulima, na tangu mwezi uliopita Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kufukuza Ndege. Kamati hiyo ina mjumbe mmoja, ambaye ndiye mimi.

Naomba ieleweke mapema kwamba siipingi mbegu bora. Siku lori lenu lilipofika nilipiga makofi kuliko wote. Lilitarajiwa Desemba likafika mwisho wa Februari, kwa kuwa lilikuwa limeitwa kwanza kupeleka askari vitani, na hilo siwezi kulilaumu. Mwanangu Ildefonce aliondoka Novemba juu ya lori la namna hiyohiyo, pamoja na mgambo wenzake.

Ninaloandikia ni agizo. Bwana Shamba wetu, Ndugu Malongo, kijana mpole kutoka Shinyanga, ametusomea kwamba ifikapo tarehe 15 Julai kila kaya ipeleke ofisini mbegu yake yote ya zamani ya mtama mwekundu, isagwe unga, kijiji kibaki na mbegu moja tu, nyeupe, ya kwenu. Alisoma akiwa ameinamisha kichwa. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa mstari, kama tulivyofundishwa kupanda kwa kamba.

1. Ndege. Mtama wetu mwekundu ni mchungu. Ndege akiudonoa mara moja hutema, akaendelea na safari zake. Wenu ni mtamu. Nimeuonja mwenyewe ukiwa shambani, na kwa haki siwezi kumlaumu ndege. Wametoka Burundi kwa maelfu, wakapita juu ya kituo cha mpakani Kabanga bila cheti, wakati mimi nikienda kumsalimia dada yangu ng'ambo naulizwa mpaka jina la babu. Shamba langu jekundu hawakulitazama. Walitua kwenye ekari moja ya kijiji iliyopandwa mbegu yenu, na wapo hadi leo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wana wiki ya nne na sijaona hata mmoja aliyeshika jembe.

Kufukuza ndege ilikuwa kazi ya Ildefonce tangu utoto wake. Alikuwa akipanda juu ya ulingo na debe lake, akilipiga mpaka ndege wa vijiji vya jirani wanahama. Sasa debe lipo, mwenyewe hayupo. Mimi nina miaka sitini na miwili. Nimepiga debe, nimepiga kelele, na siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, niliwaimbia litania ya watakatifu wote. Walisikiliza kwa heshima huku wanakula.

2. Urefu. Mtama wetu humzidi mtu kimo, na mabua yake ndiyo tunayojengea uzio wa choo. Wenu unafika kiunoni. Kwa kuwa tuliagizwa kutumia kila kitu cha mmea huu wa kisasa, nilijenga uzio wa choo kwa mabua ya mistari ambayo ndege walikuwa wamekwisha kuimaliza. Juzi nikiwa humo nimechuchumaa, alipita mkwe wangu Ciza, mume wa binti yangu Evarista. Kwetu mkwe humtazami usoni ovyo hata barabarani. Macho yetu yalikutana. Kijana ana adabu, akasimama, akavua kofia, akasema shikamoo. Mimi ningefanya nini? Niliitika marahaba. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na Evarista anasema anapitia njia ya mtoni, ambayo ni ndefu.

3. Pombe. Mbegu yenu iliyobaki baada ya kupanda tuliilowesha, ikaota vizuri tu, lakini pombe yake ni kama maji yaliyooshewa sufuria. Jumapili moja ya mwezi uliopita wanaume walikunywa tangu mchana, wakarudi makwao wakitembea wima. Jumatatu kulikuwa na mkutano wa kijiji. Zamani mkutano ulichukua nusu saa, maana waliokuwa macho walikuwa wachache. Safari hii watu wote walikuwa na akili timamu, wakaanza kuuliza maswali: kwa nini mbegu ifike mvua zikiwa zinaisha, na kwa nini ekari ya majaribio iwe kando ya barabara, mahali ambapo udongo ni mbaya na wageni wa serikali huonekana kwa wingi. Mwenyekiti wa Kijiji aliahirisha mkutano mara mbili. Yeye mwenyewe ameniomba, kwa siri, niliweke lalamiko hili kwenye barua yangu.

4. Hili ni la nyumbani kwangu, na ndilo kubwa.

Juu ya jiko letu, ndani ya moshi, mke wangu Zita ametundika fungu la masuke ya mtama mwekundu. Mbegu hiyo alikuja nayo kutoka kwa mama yake siku nilipomwoa, na kila mavuno huchagua masuke mapya, akaondoa ya zamani. Siku Ildefonce alipopanda lori, Zita alimwambia kwamba akirudi atapikiwa impeke, yaani pombe yetu ya mtama, ya fungu lile. Hajalirudia neno hilo tena. Barua ya mwisho ya mwanetu ni ya Machi, ina mistari minne, haisemi yuko wapi. Vita tunaambiwa vimekwisha. Wenzake wawili wamerudi na hawana habari zake.

Nilipomsomea Zita agizo lenu aliinua macho akalitazama fungu, akaendelea kuchambua maharage. Ndugu Msimamizi, mimi naogopa. Siogopi njaa wala ndege. Naogopa kwamba siku tutakapolishusha fungu lile na kulipeleka likasagwe, tutakuwa tumekubali kwamba hakuna mtu wa kupikiwa pombe.

5. Kwa hiyo naomba Ghala lichague moja kati ya haya. Ama ndege waandikiwe barua rasmi, kwa Kirundi, warudi kwao. Ama, ikiwa wameshakuwa wakazi, nao wapitiwe na Operesheni Vijiji kama tulivyopitiwa sisi mwaka 1974, wahamishwe kwa siku tatu, wapewe kijiji chao, ekari yao, na mbegu yenu waipande wenyewe kwa kamba. Tutaona kama watausifu utamu wake baada ya palizi ya pili. Na ikiwa yote hayo yanashindikana, basi agizo lifutwe, na mtama mweupe uje uchukuliwe kabla ya tarehe 15. Gunia lenu lipo, nimelifua.

Nasubiri jibu lako nikiwa juu ya ulingo. Wasalimie wafanyakazi wote wa Ghala, dereva wa lori, na mama anayeuza chai pale njia panda ya Lusahunga, ambaye aliwahi kunikopesha kikombe. Zita anawasalimu.

Wako katika kulijenga Taifa,
Bartholomayo Ndikumana
Mwenyekiti na Mjumbe, Kamati Ndogo ya Kufukuza Ndege

Tanbihi: Bahasha nimeifungua tena. Jana jioni Ildefonce alishuka kwenye lori. Ni mzima, amekonda, na sikio la kushoto halisikii vizuri. Mama yake alilishusha fungu palepale, lakini pombe yataka siku nane na mtoto alikuwa na njaa ya siku ileile. Tulimsongea ugali wa mtama wenu, wa masuke machache niliyokuwa nimeyafunika kwa vitambaa ndege wasiyaone. Alikula, akaomba tena, akala.

Alfajiri hatukumkuta kitandani. Alikuwa juu ya ulingo na debe lake. Nilimwambia ashuke apumzike, kazi hiyo ina kamati. Akasema, baba, miezi minane nimefukuza watu. Anataka kufukuza kitu ambacho ukikifukuza kinaruka tu, kikaenda kwao, na kesho kinarudi kikiwa kizima.

Kwenye mtama mwekundu ndege hawaji. Kwa hiyo naomba yote niliyoandika hapo juu yafutwe, ndege waachwe walivyo, na mtuletee magunia mawili zaidi ya mtama mweupe kwa msimu ujao. Fungu la Zita nusu limelowekwa na nusu limerudi kwenye moshi, hilo msilihesabu. Ekari moja haimtoshi Ildefonce. Ameimaliza kabla ya saa nne, na bado hajataka kushuka.